Muziki Uliolipiwa na Mama Zetu

Wanaosimulia habari za mchiriku kwa kawaida huanza na wanaume: vijana wa uswahilini wasio na kazi, fulana zimekatwa mikono, wanapiga kinanda mpaka alfajiri huku bangi ikinuka. Sikatai, walikuwepo. Lakini mimi nimekulia Mwananyamala, Kinondoni, katika miaka ya mwanzo ya 1990, na kitu cha kwanza ninachokikumbuka ni fundo kwenye pindo la khanga ya mama yangu, mlimokuwa na hela ya kikundi chao cha wanawake. Muziki ule ulikula kutoka kwenye fundo hilo, na mengine mengi mfano wake, kabla haujajulikana na mtu yeyote nje ya mitaa yetu.

Dar es Salaam wakati huo ilikuwa na wilaya tatu tu, Ilala, Kinondoni na Temeke. Ubungo na Kigamboni zilikuja kumegwa baadaye sana. Sensa ya mwaka 1988 ilikuta jiji lina watu milioni 1.36, na ile ya 2012 ikakuta milioni 4.36. Wengi wa wageni walioliongeza jiji hawakupokelewa Oysterbay kwa wenye nazo. Walipokelewa Tandale, Manzese, Mburahati, Buguruni, Tandika, Mtoni na kwetu, kwenye nyumba za vyumba sita zenye korido katikati na uani wenye jiko, kisima na choo cha wote. Kila chumba familia yake. Mtoto akilia chumba cha mwisho, anabembelezwa na chumba cha kwanza. Ndani ya nyumba kama hiyo huwezi kufanya sherehe ya siri. Ukiwa na shughuli, mtaa mzima una shughuli.

Ruksa ya Mzee Mwinyi, rais wa wakati huo, ilikuwa imefungua mipaka kwa biashara. Zilikuja nguo za mitumba, zikaja redio kaseti, na humo humo vikaja vinanda vidogo vya Casio, vile ambavyo huko vilikotoka mtoto hununuliwa ajifunzie nyumbani. Hapa vilipata kazi nyingine. Kijana alikibeba kinanda mkononi au kukilaza mapajani, akakiunga kwa waya kwenye amplifaya ya kuungaunga, na amplifaya ikasukuma sauti kwenye spika za honi, zile za mdomo mpana zinazofungwa misikitini. Pembeni yake walikaa wapiga ngoma za ngozi, na mmoja wao alikuwa na kigoda cha mbao, kigoda kabisa cha kukalia, anakichapa kwa vijiti viwili kwa kasi ambayo macho yangu hayakuweza kuifuata. Mbele alisimama mwimbaji na maikrofoni iliyozungushiwa mpira wa baiskeli. Hakukuwa na gita wala tarumbeta. Kabla ya kuanza waliwasha maboksi na makuti makavu wakakanza ngozi za ngoma, na sisi watoto tulipoona moshi ule tulijua leo hakuna kulala.

Fundi redio wa mtaa wetu ndiye aliyewatengenezea amplifaya vikundi viwili vitatu vya jirani. Kibanda chake kilikuwa karibu na bomba la maji, kwa hiyo nikienda na ndoo nilikuwa nasimama kumtazama akichoma risasi. Siku moja walimletea spika iliyokuwa ikikoroma vibaya, nami nikamuuliza.

"Shikamoo mjomba. Hiyo hujaimaliza? Mbona bado inakoroma?"

"Marahaba mwanangu. Imekwisha hiyo. Ikitulia sana, watu hawachezi."

Nimelibeba jibu lile hadi utu uzima, kwa sababu karibu kila maelezo niliyowahi kusoma juu ya mchiriku yanasema sauti ile ya kuchanika ilitokana na umaskini wa vyombo. Umaskini ulikuwepo, na vyombo vilikuwa vibovu. Lakini fundi alijua kuitoa sauti safi na akaamua asiitoe. Wapigaji nao walikaza vifungo hadi mwisho kwa makusudi, wakakiacha kinanda kilie kikwaruze kile kiherehere cha noti tatu nne zinazorudiwa na kurudiwa, mpaka ukajikuta mabega yanatikisika bila kuyaamrisha. Walikuwa na sikio. Walijua wanachokitafuta, na mwaka hadi mwaka walikikaribia.

Baba yangu hakuupenda mchiriku kabisa. Yeye alikuwa mtu wa dansi, Mlimani Park na Msondo, suruali imepigwa pasi, tiketi mfukoni, saksafoni zinajibizana. Nilipokua nikaelewa tofauti ambayo yeye hakuwahi kuitaja. Vyombo vya bendi za baba vilikuwa na mwenyewe mkubwa. Mlimani Park ilikuwa ya shirika la maendeleo la jiji, DDC. Msondo ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, ikabadilika jina kadiri chama kilivyobadilika, kutoka NUTA hadi JUWATA hadi OTTU. Vijana Jazz ilikuwa chini ya jumuiya ya vijana ya chama tawala. Mwanamuziki alikuwa na mshahara, na Radio Tanzania ilikuwa na studio ya kumrekodi. Mpiga kigoda wa Mwananyamala hakuwa na shirika, hakuwa na chama, wala redio haikuwa ikimjua. Radio Tanzania ndiyo iliyotawala hewani hadi Radio One ilipoingia mwaka 1994, na hata ilipoingia hatukusikia mchiriku humo. Kama muziki ule ungetegemea milango hiyo, ungekufa mapema sana.

Walioufanya uishi ni wanawake wenye shughuli: harusi, arobaini, tohara, na zaidi ya yote kumtoa mwali.

Dada yangu mkubwa alipovunja ungo aliwekwa ndani, kama ilivyo desturi ya Wazaramo, na bibi yetu akaja kutoka Kisarawe kusimamia mambo. Siku ya kumtoa ilipokaribia, mama na wenzake wa kikundi walikaa uani na kuanza kupanga. Wale wanawake walikuwa na upatu wao, walikuwa na sare zao za khanga, na walijua bei ya kila kitu: mchele, mbuzi, turubai, na mchiriku. Mwaka ule mgawo wa umeme ulikuwa mkali, maji yamepungua kwenye bwawa la Mtera, na TANESCO ikikata hakuna anayejua itarudisha saa ngapi. Kwa hiyo kwenye hesabu yao iliongezwa betri ya gari, ya kukodi, na mtu wa kuirudisha asubuhi.

Kiongozi wa kikundi cha mchiriku aliitwa. Alikuja mchana, amevaa kanzu safi, akaamkia kila mwanamke pale uani kwa zamu kabla hajakaa kwenye mkeka. Mama yangu aliongoza mazungumzo. Alitaka kujua wangapi watakuja, watakula nini, wataanza saa ngapi. Alitoa masharti: asiyekunywa pombe ndiye atakayekaa kwenye maikrofoni, hakuna matusi kabla ya saa mbili usiku, baada ya hapo watoto watakuwa wamelala na watu wazima watasema wenyewe. Kisha akampa majina ya kutajwa. Jina la mwali, jina la bibi, majina ya shangazi wa upande wa baba kwanza ili pasitokee lawama, halafu wanakikundi mmoja mmoja. Kijana alikariri yote bila karatasi. Kianzio kikatolewa kwenye fundo la khanga, kikahesabiwa mara mbili, na shahidi akiwa mwenye nyumba.

Jioni yake mama alikwenda kwa mjumbe wa nyumba kumi kuomba ruhusa. Mjumbe akamwambia mwisho saa sita usiku. Mama akaitikia, mjumbe akaitikia, na wote wawili walijua itakuwa mpaka adhana ya alfajiri.

Ya makungwi na mwali yaliyofanyika ndani siyasemi. Ninachoweza kusema ni kwamba siku hiyo nyumba ilikuwa na ngoma mbili. Mchana ilipigwa ya uani, ya wanawake watupu, milango imefungwa. Usiku ikapigwa ya nje, mwali akiwa amepambwa, amebebwa mabegani, uso chini, na vumbi la barabara limepanda hadi usawa wa taa. Bibi yangu, ambaye hakuwahi kuusikia mchiriku karibu vile, alitolewa kigoda akae barazani. Alisikiliza muda mrefu bila kusema. Mimi nilikuwa miguuni kwake nikimwogopea, maana spika ilikuwa imeelekezwa kwetu na kifua changu kilikuwa kinagonga. Mwisho aliinama akaniambia, "Hii mdundiko hii. Wameitia petroli tu."

Alikuwa sahihi kuliko wachambuzi wote waliokuja nyuma yake. Chini ya kinanda kile kulikuwa na mapigo ya mdundiko na chakacha, yaleyale yaliyokuwa yakipigwa katika shughuli za watu wa pwani tangu zamani. Vijana hawakuyatupa. Waliyaongezea kasi, wakayaongezea makali, wakayapa waya. Na kwa sababu yalikuwa mapigo yaleyale, viuno vya bibi zetu viliyajua. Niliwaona wanawake wa rika la mama wakiingia katikati ya duara wakicheza kwa utulivu mkubwa, miguu haiondoki chini, huku ngoma zinakimbia. Mmoja alimtuza mwimbaji noti kwenye paji la uso, na mwimbaji akamtaja yeye, na mama yake, na kijiji chake, bila kukosa hata pumzi.

Katika vikundi vilivyosikika zaidi, Jagwa ndio waliodumu. Walianza mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1990 wakiongozwa na Jolijo, na kanda zao zilipita mkono kwa mkono kwa namna ambayo leo ni vigumu kumweleza kijana. Hazikuwa na tangazo. Mtu alinunua moja Kariakoo, jirani akairudufu, na ndani ya muda mfupi ilikuwa inalia kwenye daladala, kwa kinyozi na kwenye genge la mihogo. Shangazi yangu alikaa Tandika, Temeke, na nikienda kwake likizo nilikuta mitaa ya kule inabishana na ya kwetu: nani ana mpiga kinanda mkali, nani anaweza kukesha bila kupumzika. Ubishi ule ulikuwa mkubwa kama wa Simba na Yanga, na Temeke hawakuwahi kukubali kushindwa.

Na nyimbo zilisema nini? Swali hili liliulizwa kwa dharau na watu ambao hawakuwahi kusimama karibu wakasikia maneno. Ziliimba kupanga chumba na kufukuzwa, mume anayekula mshahara nje, mganga aliyekula hela, rafiki aliyeingia kwenye unga akaanza kuiba masufuria ya mama yake. Ziliimba UKIMWI. Ugonjwa uliogunduliwa Kagera mwaka 1983 ulikuwa sasa umefika kwenye korido zetu, watu wanazikwa kwa minong'ono, na majirani wanasema ni homa tu au amerogwa. Mwimbaji wa mchiriku alisimama usiku, spika zikiwa zimeelekea nyumba za watu, akautaja kwa jina. Niliona wanawake wakinyamaza. Niliona mmoja akitoka kwenye duara akaenda kukaa gizani. Serikali ilikuwa na mabango yake ya kampeni, na ninayaheshimu, lakini mtaani kwetu neno lile lilisemwa kwa sauti kwanza na vijana walioitwa wahuni, na walilisema katika shughuli ambayo mama zetu walikuwa wameilipia.

Fujo zilikuwepo, nami sitaki kuzificha. Kulikuwa na usiku ambao visu vilitoka. Kulikuwa na wasichana waliofuata ngoma wakarudi asubuhi na matatizo yao. Polisi walikuja, wakapiga mateke ngoma, wakachukua amplifaya, na kikundi kikakaa bila kazi hadi kichangiwe. Baba alisema, unaona? Mama hakubishana naye. Aliingia jikoni, na Jumamosi iliyofuata jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliochangia amplifaya mpya.

Nilipokuwa sekondari, kaka wa rafiki yangu alikuwa baharia. Alirudi safari moja na kanda za Sepultura, bendi ya Belo Horizonte, Brazili, ya ule muziki wa metali wa kasi uitwao thrash, uliochipuka California mwanzoni mwa miaka ya 1980 na bendi kama Metallica na Slayer. Wenzangu darasani walicheka wakasema ni kelele za wendawazimu. Mimi nilikaa kimya kwa sababu nilikuwa ninazitambua. Gita zilikuwa zimekazwa hadi zinachanika, kwa makusudi. Ngoma zilikuwa zinakimbia kama zinafukuzwa. Mwimbaji alikuwa anasema mambo ambayo redio haitaki. Baadaye nilijifunza kwamba muziki huo nao ulienea hivyo hivyo mwanzoni, kanda kwa kanda, vijana wakirudufiana na kutumiana kwa posta kabla ya kampuni kubwa kuwatazama. Na mwaka 1996 Sepultura wenyewe, katika albamu yao ya Roots, walirudi kwenye ngoma za kwao Brazili na kwa wenyeji wa asili wa kabila la Xavante. Nilipoisikia nilimkumbuka bibi na petroli yake.

Kitu kimoja lakini kiliwatenganisha. Wale wa California walipiga kuwakimbia wazazi wao. Wetu waliitwa na wazazi.

Hili ndilo linaloniuma ninaposoma yaliyoandikwa Ulaya baada ya Jagwa kufika huko. Mwaka 2012 kampuni ya Crammed Discs ya Brussels, ileile iliyowatoa Konono No. 1 wa Kinshasa na likembe zao za umeme, ilitoa albamu yao Bongo Hotheads, Jackson Kazimoto akiimba. Nilifurahi sana. Walistahili, na walikuwa wamestahili tangu zamani. Wazungu walicheza, wakaandika kwamba hawa ni mapanki wa Afrika, waasi wa mitaa ya mabanda. Waasi dhidi ya nani? Wale ni vijana waliotuamkia, wakala pilau kwenye mkeka wetu, wakasubiri kuambiwa na mama yangu wamtaje nani kwanza. Ukali wao wote ulikuwa ndani ya adabu hiyo. Ukiuondoa uani kwenye simulizi hii, mchiriku unabaki kelele tu, tena kelele isiyo na mwenyewe.

Uani huo ndio uliouzaa singeli. Mchiriku ulipochoka, vijana wa Manzese, Mburahati na Temeke walichukua vipande vya kinanda kilekile na vya taarabu, wakavitia kwenye kompyuta, wakavikimbiza kupita mapigo 200 kwa dakika, na MC akachana juu yake. Mwimbaji Msaga Sumu akawa mfalme wake. Redio ya EFM, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 2014, ikafanya kile ambacho redio za utoto wangu hazikukifanya: ikaupiga. Studio ya Sisso pale Mburahati ikavuta watu, na mwaka 2017 kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa Sounds of Sisso. Miaka mitatu baadaye kampuni hiyohiyo ikatoa albamu ya Duma, vijana wawili wa Nairobi, Martin Kanja na Sam Karugu, waliotokea kwenye metali. Mpwa wangu alinionesha zote mbili kwenye simu yake siku moja, moja chini ya nyingine, na hakuona ajabu yoyote. Kwangu ilikuwa kama ndugu wawili waliopotezana wamekutwa nyumba moja.

Na vigodoro, zile ngoma za kukesha barabarani ambazo viongozi wamezipiga marufuku mara kadhaa kwa hoja zilezile za baba yangu, bado vinachangiwa na wanawake wenye sare. Mwaka jana mpwa wangu mwingine alifanyiwa shughuli Mbagala. Mama, ambaye sasa anatembea na mkongojo, aliketishwa kwenye kikao cha wanakikundi kama mshauri. Kianzio hakikutoka kwenye khanga. Mweka hazina alikituma kwa simu, DJ akajibu kimefika. Kisha kijana akapiga mwenyewe kuuliza utaratibu.

"Shikamooni mama zangu. Naanza kumtaja nani?"

Wakaanza kubishana, shangazi wa upande wa baba au bibi mzaa mama, na mama yangu akaomba apewe simu.